Eka Moja ya Kukodi: Somo la Ufipa kwa Anayesema Atarudi Kulima

Kila mwaka mitihani ya mwisho inapokaribia, mazungumzo ya vibarazani hapa chuoni yanageuka. Bumu limekata, Simba na Yanga wameshajadiliwa mpaka basi, linabaki swali moja: ukimaliza unakwenda wapi? Mmoja anataja usaili wa Sekretarieti ya Ajira, mwingine ana mjomba wake Dar, na siku hizi hakosekani wa kusema, "Mimi narudi zangu nyumbani kulima." Wenzake wanacheka kidogo, halafu kimya, maana kila mmoja ameshaliwaza hilo kimoyomoyo.

Mimi nimelijaribu. Tulikuwa watatu, mimi na vijana wawili wa rika langu waliobaki kijijini. Tulikodi eka moja kwenye uwanda wa Ufipa, tukalima misimu miwili, wa tatu tukaambiwa shamba lina mtu mwingine. Siandiki ili kulalamika. Nataka kueleza jambo ambalo sikulisikia kwenye semina yoyote ya ujasiriamali, na ambalo nililielewa baada ya kupoteza: kijana asiye na ajira akitaka kuishi kwa kilimo kisichomaliza ardhi, swali la kwanza la kujiuliza ni hili, shambani nitakaa misimu mingapi? Mbegu, mbolea na soko vinafuata nyuma.

Kwa asiyeijua Ufipa, aache kwanza utani wa uchawi ambao kila mtu wa Sumbawanga chuoni ameshauzoea. Ni uwanda wa juu kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya Milima ya Mbizi, na asubuhi ya Juni baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Mvua inakuja mara moja kwa mwaka, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili, kisha ni kiangazi kirefu. Sehemu kubwa ya uwanda haina miti mingi; ni nyasi, vilima vya mviringo na mashamba ya mahindi mpaka macho yachoke. Usahau habari ya misimu miwili kama ya Kilimanjaro. Ukikosea Novemba, unasubiri mpaka Novemba nyingine.

Hesabu ambayo haiko kwenye semina

Tuanze na pesa, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapodanganywa. Tuseme umekodi eka moja, umelipa mtu wa maksai akulimie, umenunua mbegu kilo 10, mfuko wa mbolea ya kupandia, mfuko wa kukuzia, dawa ya viwavijeshi vamizi (hawa wametusumbua tangu 2017), na vibarua wa palizi. Tuseme vyote vimekula shilingi 400,000. Namba hii ni ya mfano tu, kila mtu aweke bei za kijijini kwake. Ukijitahidi, na mvua ikikuheshimu, unavuna gunia 15 za kilo 100.

Sasa uza. Gunia likiwa shilingi 60,000, umepata 900,000, umebaki na nusu milioni kwa kazi ya miezi minane. Gunia likiwa 30,000, umepata 450,000, umebaki na 50,000. Umelima mwaka mzima ukapata pesa ya kununua viatu. Na bei ya mahindi kuanguka si hadithi ya kutishia watoto. Mwaka 2017 serikali ilipozuia kupeleka mahindi nje ya nchi, sisi wa nyanda za juu kusini, ambao soko letu la asili liko Tunduma na ng'ambo ya mpaka, tuliisikia bei ikishuka huku ghala zikiwa zimejaa. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa msaada wa Wamarekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, imepunguza nauli ya gunia. Lakini lami haiwezi kukupangia bei.

Kwa hiyo eka moja ya mahindi peke yake haimpi mtu mshahara. Anayekwambia vinginevyo anakuuzia kitu. Eka moja inakupa chakula, inakupa jina kijijini kwamba huyu si mzururaji, na inakupa kitu kidogo cha kuanzia. Faida ya kweli inakuja pale gharama zinaposhuka mwaka hadi mwaka wakati mavuno hayashuki. Ukiiangalia ile hesabu juu, gharama inayokubalika kupunguzwa bila kuua mavuno ni moja: mbolea ya kukuzia. Na namna pekee ya kuipunguza ni kuufanya udongo wenyewe uwe na chakula.

Hapa inafaa tuingie kidogo kwenye sayansi, wa uchumi mtuvumilie. Tani moja ya punje za mahindi inaondoka shambani na naitrojeni ya kilo 15 hivi. Zile gunia 15 zetu, yaani tani moja na nusu, zinaondoka na kilo 22 au 23. Mfuko mmoja wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Maana yake, kila mwaka unapopakia gunia zako 15 kwenye fuso, umepakia pia mfuko mzima wa yurea kutoka kwenye udongo wako. Na hapo hatujahesabu mabua yanayochomwa au kuliwa na ng'ombe wa watu. Usiporudisha, udongo unakudai. Ukirudisha kwa kununua tu, wewe ndiye unayedaiwa na duka la pembejeo.

Wazee walirudishaje?

Swali hili nilimuuliza bibi yangu, na yeye alinijibu kwa swali: "Mjukuu wangu, kwani zamani tulikuwa na duka?"

Wafipa walikuwa na kilimo chao cha matuta ya mviringo kinachoitwa intumba. Wataalamu wa kikoloni walikiandika. Kuna makala ya Lunan ya mwaka 1950 katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya mwanzo ya 1960, alikipa uzito mkubwa katika kitabu chake cha 1981 kuhusu historia ya Ufipa. Majirani zetu Wabemba wa Zambia walikuwa na chitemene: wanakata matawi ya miti, wanayarundika, wanachoma, wanapanda ulezi kwenye majivu, kisha wanahama. Ufipa ya juu haina miti ya kuchoma kiasi hicho. Ina nyasi. Basi babu zetu wakafanya nyasi kuwa mbolea, na kwa sababu hiyo waliweza kukaa sehemu moja na vijiji vyao vikadumu.

Namna yake ni hii. Mvua zikiwa zinaelekea mwisho, kati ya Februari na Aprili, nyasi bado ni mbichi na ardhi bado ni laini. Unalichukua shamba lililopumzika, unakwangua nyasi kwa jembe, unazikusanya rundo, halafu unazifunika kwa mabonge ya udongo yaliyogeuzwa, nyasi zikiangalia chini. Unapata kilima kidogo chenye upana wa hatua moja hivi. Unatengeneza kingine, na kingine, mpaka shamba linaonekana kama limeota vichuguu. Juu ya matuta unapanda maharage, pengine na maboga, na unyevu uliobaki unayakomaza. Nyasi zinaozea humo ndani kiangazi chote. Mvua mpya zikianza unayavunja matuta, unayasambaza, shamba linakuwa tambarare, unapanda ulezi. Baada ya ulezi yanafuata mazao mengine, mwisho shamba linapumzishwa tena.

Niliposoma habari za udongo mwaka wa pili ndipo nilipoona akili iliyomo. Ukifukia nyasi, vijidudu vya udongo vinavyozila vinahitaji naitrojeni ili vifanye kazi, na nyasi zenyewe zina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Kwa hiyo mwanzoni vijidudu vinaichukua naitrojeni ya udongo na kuishikilia. Ungepanda mahindi hapo hapo, yangekuwa ya njano kama yamelogwa (samahani kwa utani ule). Lakini wao walipanda maharage, na maharage yana vinundu kwenye mizizi vyenye bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani. Yanavumilia wakati ule wa njaa. Kufikia Novemba nyasi zimeshaoza, naitrojeni imeanza kuachiliwa, na ulezi unaikuta mezani. Hakuna aliyewaambia habari ya vijidudu. Walitazama shamba, wakakosea, wakarekebisha.

Ukitaka kuhakikisha maharage yako yanafanya kazi hiyo, ng'oa shina moja yakiwa yanatoa maua, pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au waridi ndani, kiko kazini. Kikiwa cheupe au kijani, kimelala au kimechoka. Tuseme ukweli pia: maharage si bingwa wa kazi hii ukilinganisha na jamii nyingine za mikunde, na sehemu kubwa ya kile yanachokipata inaondoka na punje. Watawa Wabenediktini wa Peramiho, huko Ruvuma, walieneza marejea kwa sababu hiyo: mkunde unaopandwa kwa ajili ya udongo, si kwa ajili ya sufuria. Lakini kijana mwenye njaa umwambie apande kitu kisicholiwa eka nzima? Robo eka, sawa.

Intumba zilipunguaje? Sababu haikuwa uvivu. Plau ya maksai haipendi vilima, inapenda mistari. Miaka ya 1970 na 1980 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, ikabeba gharama ya usafiri na kutoa mbolea kwa ruzuku. Rukwa ikawa moja ya mikoa minne mikubwa ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mfuko wa mbolea ulikuwa rahisi kuliko mgongo wa mtu. Mkulima gani angeendelea kufukia nyasi? Kisha katika miaka ya mwanzo ya 1990 ruzuku ile ikaondolewa, na aliyeko mbali kabisa na bandari ya Dar ndiye aliyeumia zaidi. Baadaye ruzuku ikarudi, ikabadilika. Mbolea ikapanda sana duniani 2021 na 2022, na Agosti 2022, kwenye Nanenane ya Mbeya, Rais Samia akazindua ruzuku mpya ya mbolea kwa wakulima waliosajiliwa. Mfuko unashuka na kupanda, na udongo wa Ufipa unapanda na kushuka nao.

Sisemi turudi kwa bibi moja kwa moja. Udongo wetu mwingi una tindikali na fosforasi yake ni haba, na nyasi zilizoota kwenye udongo usio na fosforasi haziwezi kuiumba. Hiyo utanunua. Habari njema ni kwamba mawe ya fosfeti ya Minjingu, kule Manyara, yanayeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali kama wetu, na nguvu yake haiishi msimu mmoja. Kilimo endelevu kwangu ni kujua kipi unaweza kukitengeneza shambani na kipi lazima utoe mfukoni, usichanganye.

Yaliyotukuta

Sasa nirudi kwenye eka yetu. Tuliikodi kwa maneno. Mwenye shamba, sitamtaja, ni mtu mzima anayeheshimika. Tulikwenda kwake jioni, tukamwamkia shikamoo, tukakaa kwenye kigoda, tukasema shida yetu. Akasema, "Limeni tu wanangu, shamba limelala." Tukalipa ya msimu mmoja, tukapeana mikono.

Msimu wa kwanza tulivuna gunia 7. Lilikuwa shamba lililochoka, lililolimwa mahindi juu ya mahindi. Likizo ile ndefu tukaamua kulitibu. Tuliazima mkokoteni, tukabeba samadi kutoka kwenye mazizi ya watu wasioitumia, safari baada ya safari, Julai mpaka Septemba. Tukairundika chini ya mti na kuifunika majani ili jua lisiikaushe na mvua isiioshe, kisha tukaitawanya. Msimu wa pili tukavuna gunia 12. Tukaanza kupiga hesabu za msimu wa tatu, tukiwa na uhakika wa 15. Mwezi wa kumi mwenye shamba akaja kwa upole kabisa: mpwa wake amerudi kutoka mjini, hana kazi, na shamba sasa "limependeza".

Hatukuwa na karatasi. Wala siwezi kusema alituibia, maana tulikubaliana msimu, na msimu ulikwisha. Yule mpwa naye ni kijana asiye na ajira kama sisi.

Kilichonifumbua macho ni kusoma baadaye kwamba samadi haitoi chakula chake chote mwaka wa kwanza. Sehemu kubwa ya naitrojeni yake imefungwa, inafunguka mwaka wa pili na wa tatu. Intumba ni hivyo hivyo: unavunja mgongo msimu huu, unakula msimu ujao na unaofuata. Chokaa ya kupunguza tindikali, fosfeti ya Minjingu, miti ya pembezoni, kontua za kuzuia mmomonyoko, vyote vinalipa polepole. Yurea inalipa ndani ya wiki chache. Basi mwambie kijana aliyekodi kwa msimu mmoja atumie samadi: unamwambia amfanyie mwenye shamba zawadi. Mwenye akili atanunua yurea, atachoma mabua aharakishe kulima, atakamua anachoweza na kuondoka. Tunamlaumu kwamba anaharibu ardhi, kumbe mkataba wake ndio ulioandika hivyo.

Ndiyo maana ninazisikiliza programu za vijana na kilimo kwa sikio moja. Tumetoka mbali: mwaka 1983 kulikuwa na sheria ya Nguvu Kazi, ambapo asiye na kazi mjini alikamatwa na kupelekwa shamba, shamba likiwa kama adhabu. BBT, ile ya Jenga Kesho Iliyo Bora, angalau imegeuza picha. Machi 2023 ilizinduliwa Chinangali, Dodoma, na vijana 812 wa awamu ya kwanza wakaingia kwenye vituo vya mafunzo kabla ya kugawiwa maeneo katika mashamba makubwa ya pamoja yenye maji. Mtu anaweza kubishana na gharama zake, lakini jambo moja wamelipatia: wameanza na ardhi, na kijana anajua pale ni pake kwa miaka. Hapa Ufipa hatuna haja ya kumhamisha kijana mpaka Dodoma. Yuko kijijini tayari, na shamba lililolala analipita kila siku akienda kisimani. Anachokosa ni misimu minne ya uhakika.

Karatasi ya misimu minne

Kwa nini minne? Kwa sababu eka moja inagawanyika vizuri kuwa robo nne, kila moja kama mita 32 kwa 32. Mwaka wa kwanza robo moja unaifanyia intumba mvua zikielekea mwisho, robo ya pili mahindi, ya tatu maharage au alizeti, ya nne inaweza kuwa marejea au ulezi. Kila mwaka unazungusha. Baada ya misimu minne kila robo imefukiwa nyasi mara moja, na hakuna robo iliyobeba mahindi mfululizo. Kutengeneza intumba robo eka ni kazi ngumu, lakini ni ya watu watatu kwa wiki kadhaa, si ya kijiji kizima. Zamani waliitana wakapika pombe ya ulezi, kazi ikawa sherehe. Sisi tuliitana tukapika ugali na maharage. Haikuwa sherehe sana, lakini matuta yalisimama.

Kuhusu karatasi yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza. Kwa hiyo njia ni mbili. Ukiwa mwanakijiji unaweza kuomba ardhi kijijini kwa barua, na ombi lako lisomwe mkutanoni mbele ya watu. Vijana wengi hatuendi kwenye ile mikutano, halafu tunashangaa ardhi imekwisha. Njia ya pili ni kukodi kwa mtu, na hapo andikeni: ukubwa uliopimwa kwa hatua au kamba, mipaka kwa kutaja majirani, idadi ya misimu, kodi na siku ya kuilipa, na kifungu kimoja ambacho watu hukisahau, kwamba mwenye shamba akilihitaji kabla ya muda, atalipa nini kwa samadi na matuta yaliyomo. Mwenye shamba atie saini, na mkewe atie saini, na kama ana watoto wakubwa wawepo. Ugomvi mwingi wa mashamba hauanzi na uliyeongea naye, unaanza na ambaye hakuulizwa. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji.

Usione aibu hata kama shamba ni la baba yako. Hapo ndipo aibu inaponyonga wengi. Kijana anapewa kona iliyochoka, anaitengeneza, mwaka unaofuata anapewa kona nyingine iliyochoka. Mwambie kwa adabu, "Baba, naomba kona hii kwa misimu minne, na nitakuletea gunia mbili kila mavuno." Wazee wengi wanapenda kusikia namba. Na dada zetu nao: ile sheria ya 1999 imesema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Mila inasema mengine, ninajua. Ndiyo sababu karatasi ya binti inahitaji mashahidi wengi kuliko ya kaka yake.

Vikundi je? Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Ni pesa yetu, tuiombe. Lakini nimeona vikundi vya watu kumi vikilima shamba moja, na palizi ikifika wanabaki watatu. Afadhali kila mtu awe na eka yake na karatasi yake, kikundi kimiliki vile ambavyo mtu mmoja havimudu: maksai wawili, plau, mashine ya kupukuchua, maturubai. Marejesho yaombwe yaanze baada ya mavuno, si mwezi unaofuata, maana hakuna mahindi yanayoota kwa mwezi.

La kuuza nitalipitia haraka kwa sababu linajulikana, ingawa halifanywi. Bei ya chini kabisa iko Juni mpaka Agosti, wakati kila mtu anauza ili alipe madeni na ada. Anayeweza kusubiri mpaka Desemba au Januari anapata zaidi, mradi mahindi yamekauka. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wanapima unyevu, na kipimo ni asilimia 13.5, ukipeleka mabichi unarudi nayo. Kaushia kwenye turubai, kamwe si kwenye udongo, kwa ajili ya sumukuvu. Tumia mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi wafie humo bila dawa. Dalali akija na lumbesa, mpimie kwa kilo au mwache aende. Na maharage ya kwenye matuta, usiyadharau. Hayo ndiyo yaliyotulipia kodi.

Onyo la mwisho ni kwetu sisi wanachuo: kilimo cha simu. Unatuma hela kutoka bwenini, unaambiwa mahindi yamependeza, unatumiwa picha ya shamba la jirani. Mvua za Ufipa zinaangukia katikati ya masomo yetu, hilo haliepukiki. Ukiwa na wenzako walioko shambani, wao ndio wakulima, wewe ni mbia, na mgawo uandikwe hivyo. Mimi nachukua theluthi moja, na likizo nabeba samadi kama wao.

Tumepata shamba jingine, upande wa barabara ya kwenda Matai. Udongo wake si mzuri kuliko ule wa kwanza. Tumelipima kwa kamba, mwenye shamba na mkewe wametia saini, mwenyekiti wa kitongoji ameshuhudia, na muda wetu ni misimu minne. Matuta ya robo ya kwanza tulimaliza Machi, maharage tukavuna Juni, na Desemba wenzangu waliyavunja na kupanda ulezi. Wamenitumia picha. Nimewaambia wanipige na mwembe ule wa mpakani uonekane, ili nijue kweli ni kwetu.